Sayari tisa au nane? Tusiitundike imani kwenye hesabu ya wanafalaki

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahali zake na masahaba wake wote.

Ndugu msomaji, lipo swali ambalo husikika mara kwa mara katika madrasa na baraza zetu, kuanzia Mbagala na Tandika kwa upande wa Temeke hadi Tandale na Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: sayari zinazolizunguka jua ni ngapi? Mzazi aliyesoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 au 1980 atajibu bila ya kusita kuwa ni tisa, na atazitaja moja baada ya moja hadi kufikia Pluto. Mwanawe aliye shuleni leo atamwambia kuwa ni nane. Na pengine ndani ya nyumba hiyohiyo kimo kitabu kikuukuu kilichopita mikononi mwa ndugu watatu, nacho kinashuhudia upande wa mzazi.

Lau jambo lingekomea hapo lingekuwa la kuchekesha tu. Lakini halikomei hapo. Kijana mwenye akili ya kuhoji huuliza: ikiwa wataalamu walitufundisha tisa kwa zaidi ya miaka 70, kisha wakasema nane, tuwaamini katika lipi tena? Mwingine, kwa kuipenda dini yake, hudakia kuwa hiyo ndiyo hali ya elimu ya wanadamu: leo hivi, kesho vile, haina nguzo wala paa. Na wako wahubiri waliokwisha kuwaambia watu kuwa idadi ya sayari imetajwa ndani ya Qur'ani Tukufu; hao nao, kila wanafalaki wanapoongeza au kupunguza, hulazimika kutafuta maelezo mapya.

Makundi yote haya yanakutana katika kosa moja. Hayakupambanua baina ya kitu kilivyo na jina ambalo wanadamu wamekipa kitu hicho. Hilo ndilo ninalokusudia kulieleza leo, kwa sababu mwenye kulifahamu hatayumbishwa na habari za angani, wala hataibebesha dini mzigo usiokuwa wake.

Lililoamuliwa Prague

Pluto iligunduliwa tarehe 18 Februari 1930 na kijana wa Kimarekani aitwaye Clyde Tombaugh, aliyekuwa na umri wa miaka 24, katika kituo cha darubini cha Lowell kilichoko Flagstaff, jimbo la Arizona. Kazi yake ilikuwa ya subira: kupiga picha sehemu moja ya mbingu katika siku tofauti, kisha kuzilinganisha picha hizo nukta kwa nukta. Nyota huonekana zimebaki mahali pake, lakini sayari husogea. Katika picha mbili za mwezi wa Januari mwaka huo aliiona nukta moja hafifu iliyosogea. Tarehe 13 Machi 1930 ulimwengu ukatangaziwa sayari ya tisa.

Wakati ule ilidhaniwa kuwa Pluto ni kubwa, pengine inaikaribia dunia kwa uzito. Lakini kila vipimo vilipoboreshwa, Pluto ilizidi kupungua. Mwaka 1978 mwanafalaki James Christy aligundua kuwa inao mwezi wake, ukaitwa Charon, na kwa kuutazama mwendo wa mwezi huo ikawezekana kuupima uzito wa Pluto kwa usahihi. Ikadhihirika kuwa haifikii hata sehemu moja kati ya 400 za uzito wa dunia. Leo tunajua kuwa upana wake ni kilomita 2,377, ilhali mwezi wetu huu tunaoutazamia uandame una kilomita 3,474. Kumbe sayari ya tisa ilikuwa ndogo kuliko mwezi!

Kisha mwaka 1992 David Jewitt na Jane Luu, wakitumia darubini iliyoko Hawaii, waliona kitu kingine kidogo huko nje ya njia ya Neptuni. Baada ya hapo vikaonekana vingine kwa mamia. Pluto haikuwa tena mpweke wa mpakani, bali mmoja katika ukoo mkubwa wa magimba ya barafu na miamba. Mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wakatangaza gimba jingine, lililokuja kuitwa Eris, ambalo kwa vipimo vya awali lilionekana kuwa kubwa kuliko Pluto. Hapo hapakuwa na budi ila kuamua: ama Eris ni sayari ya kumi, na nyingine zitafuata bila ya kikomo, ama Pluto nayo isihesabiwe.

Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana katika mji wa Prague mwezi Agosti 2006. Rasimu ya kwanza iliyoletwa mbele ya wajumbe ingezifanya sayari kuwa 12, kwa kuongeza Ceres, Charon na Eris. Rasimu hiyo ilipingwa ikaondolewa. Tarehe 24 Agosti wajumbe wapatao 424 wakapiga kura, na azimio lililopita likaweka masharti matatu ya sayari: ilizunguke jua; iwe na uzito wa kutosha kuifanya iwe duara kwa nguvu ya mvutano wake yenyewe; na iwe imeisafisha njia yake, yaani isishirikiane njia hiyo na magimba mengine yanayolingana nayo. Pluto ilitimiza mawili ya mwanzo, ikashindwa la tatu. Ikawekwa katika daraja jipya, daraja la sayari kibete, pamoja na Ceres na Eris.

Hicho ndicho kisa chote. Hakuna kilichoanguka kutoka mbinguni, wala hakuna kilichotoweka. Pluto iliendelea na safari yake ya miaka 248 ya kulizunguka jua kama ilivyokuwa ikifanya kabla ya Tombaugh kuzaliwa.

Haikuwa mara ya kwanza

Wengi wanadhani kuwa jambo hili ni geni. La hasha. Tarehe 1 Januari 1801, padri mmoja mwanafalaki wa mji wa Palermo katika kisiwa cha Sicily, Giuseppe Piazzi, aliliona gimba baina ya Mirihi na Mushtarii, akaliita Ceres. Wataalamu wakalipokea kuwa ni sayari. Mwaka uliofuata ikaonekana Pallas, mwaka 1804 Juno na mwaka 1807 Vesta. Zote zikaingizwa katika orodha ya sayari, na vitabu vya Ulaya vikazifundisha hivyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1845 ikaongezeka Astraea, na Septemba 1846 Neptuni ikaonekana mjini Berlin, mahali palepale mahesabu ya Mfaransa Le Verrier yalipoelekeza. Mwanafunzi aliyeulizwa mwishoni mwa mwaka huo angeweza kujibu kuwa sayari ni 13, naye angekuwa mkweli.

Baada ya hapo vitu vidogo vya aina ya Ceres vikaendelea kugunduliwa kimoja baada ya kingine, hadi wataalamu wakaona kuwa si sawa kuviita sayari. Vikatengewa kundi lake la asteroidi, na hesabu ikarudi kuwa nane. Hakuna leo mtu anayeililia Ceres. Na ajabu ni kuwa azimio lilelile la Prague lililoishusha Pluto liliipandisha Ceres kutoka asteroidi hadi sayari kibete. Gimba moja, madaraja matatu, katika muda wa miaka 205, nalo halikubadilika hata kidogo.

Sayari saba za wazee wetu

Tukirudi nyuma zaidi tutakuta mabadiliko makubwa kuliko hayo. Kwa wanafalaki wa kale, Wayunani na Waarabu, sayari zilikuwa saba: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mushtarii na Zohali. Mtazame msomaji: jua na mwezi zimo ndani ya hesabu, na dunia haimo.

Je, walikuwa wajinga? Hapana. Neno sayari limetoka katika Kiarabu, nalo maana yake ni yenye kwenda au kutembea. Mtu akisimama usiku baada ya usiku na kuitazama mbingu, ataona kuwa nyota nyingi zimeshikamana pamoja kama kundi moja, lakini saba hizi hupita baina yao, kila moja kwa mwendo wake. Kwa ufafanuzi huo jua ni sayari, mwezi ni sayari, na dunia, ambayo mtazamaji amesimama juu yake, haimo. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa maana waliyoikusudia.

Kitabu cha Copernicus kilipotoka mwaka 1543, na hoja za waliomfuata zikapata nguvu, maana ya neno ikageuka. Sayari ikawa si kitu kinachotembea mbele ya macho yetu, bali kitu kinacholizunguka jua. Kwa hivyo jua likatolewa katika orodha, dunia ikaingizwa, na mwezi ukawa mfuasi wa dunia. Mabadiliko hayo yalikuwa mazito mno kuliko kisa cha Pluto, na leo tunayasomesha watoto wetu bila ya mtu yeyote kushtuka.

Nasi Waswahili tuna mkasa wetu katika mlango huu. Ziko orodha zilizosomeshwa mashuleni zilizoiita Mushtarii kwa jina la Sumbula, Zohali kwa jina la Sarateni, na Neptuni kwa jina la Kausi. Anayejua falaki ya pwani atastaajabu, kwani Sumbula, Sarateni na Kausi si sayari. Hayo ni majina ya buruji, yaani yale makundi 12 ya nyota ambayo jua hupita mbele yake kwa mwaka mzima: Sarateni ni kaa, Sumbula ni shuke, na Kausi ni upinde. Kadhalika Utaridi imeitwa Zebaki, kwa kuwa katika Kiingereza jina la sayari hiyo na jina la madini ya zebaki ni neno moja. Mfasiri akatazama neno, hakutazama mbingu.

Natija yake ni kuwa mtoto mmoja akisema Sumbula na mwingine akisema Mushtarii, wanaweza kubishana hadi adhana ya Magharibi, ilhali wanazungumzia gimba lilelile moja, kubwa kuliko sayari zote. Kosa la majina ni letu, na ni wajibu wa wataalamu wa lugha yetu kulisahihisha. Mushtarii yenyewe haikudhurika.

Hakuna kugombania istilahi

Wanavyuoni wa elimu ya usuli wanayo kanuni mashuhuri, kwamba hakuna kugombana katika istilahi. Maana yake ni kuwa watu wa fani fulani wakikubaliana kulitumia neno kwa maana maalumu, hawalaumiwi kwa hilo madamu wamelibainisha. Kinachojadiliwa ni ukweli wa jambo. Jina ni chombo cha kulibebea.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katika hesabu ya wanafalaki, mwezi mpya ni ile saa ambayo mwezi hukutana na jua kwa upande wetu, nao hauonekani kabisa. Katika fiqhi, mwezi umeandama pale hilali inapoonekana baada ya jua kuzama, na hilo huweza kuwa baada ya siku moja au zaidi. Mwanafalaki akisema mwezi mpya umeingia asubuhi, na sheikh akasema jioni ile kuwa mwezi haukuandama, hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ana istilahi yake na haja yake.

Mfano wa pili uko Mbozi, katika mkoa wa Songwe, penye kimondo kikubwa kinachotembelewa na wageni kutoka kila pembe. Kiliingia katika kumbukumbu za wataalamu mwaka 1930, mwaka uleule wa Pluto, ingawa wenyeji walikuwa wakikijua. Tuonapo kitu kama hicho kikipita usiku kwa mwanga, sote husema kuwa nyota imeanguka, na maneno hayo hayana ubaya katika mazungumzo ya kawaida. Lakini kilichoko Mbozi ni pande la chuma kilichochanganyika na nikeli. Nyota kwa istilahi ya wanafalaki ni kitu cha aina ya jua letu, ambalo lingeweza kuimeza dunia zaidi ya mara milioni moja. Nyota ya namna hiyo isingeweza kuanguka Mbozi ikabakisha Mbozi.

Lipi hubadilika na lipi hubaki?

Sasa tumjibu kijana wetu aliyeuliza: tuwaamini katika lipi? Elimu hii ina tabaka tatu, na kila tabaka lina hukumu yake.

Tabaka la kwanza ni yale yaliyoonwa na kupimwa. Kwamba Pluto ipo, kwamba hulizunguka jua kwa miaka 248, hayo hayakuguswa na kura ya Prague. Chombo kiitwacho New Horizons kilirushwa kutoka Marekani tarehe 19 Januari 2006, wakati Pluto ingali ikiitwa sayari. Miezi saba baadaye jina lile likaondolewa, chombo kikiwa njiani. Kilikwenda miaka tisa na nusu, na tarehe 14 Julai 2015 kikapita karibu na Pluto kiasi cha kilomita 12,500, kikaleta picha za milima ya barafu. Hakikupotea njia kwa sababu ya kubadilika kwa jina.

Hata hapa kwetu tuliyaona. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na watu wakakusanyika Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, wakaliona limebaki duara la mwanga kama pete. Siku na saa ya tukio hilo zilijulikana miaka mingi kabla, kwa hesabu. Wanafalaki waliobishana juu ya neno moja mwaka 2006 hawakubishana juu ya dakika za kupatwa kwa jua Rujewa.

Tabaka la pili ni maelezo, yaani namna wataalamu wanavyofasiri waliyoyaona. Hapa makosa hutokea na husahihishwa. Uzito wa Pluto ulikosewa mwaka 1930, ukarekebishwa 1978. Hata Eris, iliyozusha mjadala wote kwa kudhaniwa kuwa ni kubwa kuliko Pluto, ilikuja kupimwa vizuri zaidi ikaonekana kuwa ni nyembamba kidogo kwa upana, ingawa ni nzito zaidi. Kusahihisha huku si aibu ya elimu, bali ndiyo kazi yake.

Tabaka la tatu ni majina na madaraja, nayo ni makubaliano ya wanadamu. Ndiyo maana wapo wataalamu wakubwa wasioyakubali maamuzi ya Prague hadi leo. Alan Stern, kiongozi wa safari ya New Horizons, ni mmoja wao, naye hulipinga hasa sharti la tatu. Mike Brown, ambaye angeweza kuandikwa katika historia kuwa ndiye mgunduzi wa sayari ya kumi, aliunga mkono kuondolewa kwa Pluto, na pamoja nayo Eris yake mwenyewe. Wawili hawa wametofautiana juu ya neno, lakini hawatofautiani juu ya upana wa Pluto.

Mwenye kuzichanganya tabaka hizi hupotea kwa njia mbili. Ama ataona jina limebadilika akadhani kuwa kila kitu ni dhana tupu, ama ataona hesabu zimesadifu akadhani kuwa kila wanalosema wataalamu ni yakini. Wanafunzi wa usuli wamezoea kupambanua baina ya dalili ya yakini na dalili ya dhana. Upambanuzi huohuo wautumie hapa.

Walivyofanya wanavyuoni waliotangulia

Wala kubadilisha kauli kwa sababu ya dalili si jambo la kigeni kwetu. Sisi wa pwani hii wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 204 Hijria, yaani 820 Miladia. Kila aliyesoma fiqhi anajua kuwa Imamu ana kauli ya zamani, aliyoitoa Iraki, na kauli mpya, aliyoitoa Misri. Hakuna anayemwambia kuwa alikuwa hana msingi. Tunamtukuza, kwani alipoona dalili iliyo bora aliifuata na akaiacha kauli yake mwenyewe.

Katika falaki walifanya vivyo hivyo. Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima cha kueleza mashaka yake juu ya Batlamyus wa Iskandaria, aliyekuwa imamu wa fani hiyo kwa karne nyingi. Ibn al-Shatir, aliyekuwa mwenye kupanga nyakati za swala katika Msikiti wa Umawi mjini Damascus na aliyefariki mwaka 1375, alitunga maelezo ya mwendo wa mwezi ambayo kihesabu yanalingana na yale aliyoyatumia Copernicus zaidi ya karne moja na nusu baadaye. Na Abdurrahman al-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, alitaja wingu dogo katika upande wa mbingu uitwao Andromeda. Hakusema zaidi ya alichokiona. Ilipofika miaka ya 1923 hadi 1925, Edwin Hubble alithibitisha kuwa wingu lile ni mkusanyiko wa nyota usio na idadi, ulioko mbali nje ya mkusanyiko wetu. Wingu likageuka kuwa galaksi, na ushahidi wa al-Sufi ukabaki kuwa wa kweli, kwa sababu aliandika alichokiona na akaishia hapo.

Ndoto ya Nabii Yusuf

Sasa tuwageukie ndugu zetu wahubiri. Wako walioandika na kuhutubia kuwa zile nyota 11 alizoziona Nabii Yusuf (A.S.) katika ndoto, pamoja na jua na mwezi, ni idadi ya sayari, na kwamba Qur'ani imewatangulia wanafalaki. Nia yao ni njema, lakini hoja yao ni mbovu.

Kwanza, sura yenyewe imeifasiri ndoto hiyo kabla haijamalizika. Nyota 11 ni ndugu zake, na jua na mwezi ni wazazi wake, na yote yakatimia walipokutana Misri. Baada ya tafsiri ya Nabii mwenyewe, mtu anatafuta tafsiri gani nyingine? Pili, ikiwa sayari ni 11, wale waliohesabu saba, kisha 13, kisha nane, kisha tisa, kisha tena nane, walikuwa na Qur'ani ipi? Mwenye kuitundika Aya kwenye hesabu ya leo anamfanya kijana adhani kuwa Aya imeanguka pale hesabu inapobadilika kesho. Kijana huyo wa Temeke au Kinondoni hataiacha hoja ya mhubiri peke yake. Ataiacha pamoja na vitu vingine ambavyo havikuwa na hatia. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu sikuona vyema kunyamaza.

Mtume (S.A.W.) ametuwekea mfano ulio bayana. Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema kuwa limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Ingekuwa rahisi kuyaacha maneno hayo yaenee, kwani yalikuwa yanamtukuza. Yeye, katika huzuni yake, aliyakanusha palepale, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu yeyote, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Aliikataa hoja iliyokuwa kwa faida yake kwa kuwa haikuwa kweli. Basi na sisi tusiitetee dini kwa hoja ambayo hatuna uhakika nayo.

Nasaha

Kwa mwalimu wa shule: mtoto akijibu nane usimwekee mkasi kwa kuwa kitabu chako kinasema tisa, na akijibu tisa usimcheke. Mwambie ni nane kwa ufafanuzi uliowekwa mwaka 2006, kisha muulize sharti lipi lilimshinda Pluto. Akiweza kulieleza, huyo amesoma. Anayetaja majina nane kwa mpangilio bila ya kujua sayari ni nini, amehifadhi tu.

Kwa ustadhi wa madrasa: unapotaja Zuhura na Zohali, waeleze vijana majina hayo yametoka wapi, ili wajue kuwa elimu hii ilipita mikononi mwa wazee wao. Wapambanulie pia baina ya falaki na utabiri wa nyota wa kuwasomea watu bahati zao, ambao hauna hesabu wala dalili, na dini imeukataza.

Kwa mzazi: mwanao akikuambia kuwa sayari ni nane, hakukuvunjia heshima. Mwambie kwamba ulipokuwa na umri wake zilikuwa tisa, kwa babu zake wanafalaki zilikuwa saba na jua likiwa ndani yake, kisha mtoke nyote uani wakati umeme umekatika na mtaa una giza, mwonyeshe Zuhura upande wa magharibi ikiwa ni msimu wake. Ile itaendelea kuwaka hivyohivyo, kwa jina lolote mtakaloliita.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atupe insafu ya kuifuata haki itokapo. Yeye ndiye Mjuzi zaidi.